Kompyuta Katika Chumba cha Washonaji

Mvua ya asubuhi ilikuwa imeipiga Konyokonyo mpaka njia za soko zikawa uji mweusi, na watu walipita wakishikilia nguzo za vibanda kama watoto wanaojifunza kutembea. Proscovia hakushikilia kitu. Alikuwa amevaa gambuti za kijani na gauni la kitenge la njano alilolipandisha na kulifunga kiunoni, na kichwani alibeba jora la kitambaa cha buluu cha sare za shule, limefungwa kwa nailoni. Alikuwa ametoka kwao Iganga, Uganda, akiwa msichana, na tope la Juba alilizoea.

Mbele yake mtu akasimama ghafla. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi, suruali ya kijivu, viatu vyeusi vyenye ncha. Au tuseme kiatu, maana cha pili kilikuwa kimemezwa na tope, naye amebaki kwa mguu mmoja, soksi ikining'inia hewani.

"Songa, sebo," Proscovia alimwambia, akimwita bwana kwa Kiganda. "Hapa si mahali pa kupigia picha."

"Kiatu changu kimezama."

"Na wewe utazama, ukingoja kitoke chenyewe."

Mama muuza chai aliyekuwa karibu akacheka, na kijana naye akacheka, akijicheka mwenyewe mbele ya soko zima. Hilo Proscovia alilipenda. Akampa bega lake alishike, kijana akainama, akauchomeka mkono topeni hadi kiwiko na kukivuta kiatu. Alipoinuka aliona jora limeanza kuinama kichwani mwa yule dada. Hata hakujipangusa. Alilipokea kwa mkono uliobaki safi, akalibeba hadi kwenye bodaboda akiliweka mbali na nguo zake zenye tope. Shati lake lilichafuka lote, kitambaa hakikupata hata doa.

Alijitaja kuwa ni Shem, mtu wa Vihiga, Kenya. Alikuwa Juba kwa miezi michache tu, kwenye shirika moja linaloshughulika na mambo ya kompyuta kwa vijana. Proscovia akasema yeye ni fundi wa nguo. Wakapeana namba za simu, na bodaboda ikaondoka.

Simu ikaanza kulia jioni ileile.

"Habari ya fundi wangu?"

"Fundi wako tangu lini? Hujaniletea hata kifungo."

"Nitaleta shati zima."

"Lilete na mwenyewe akiwa ndani, nimpime vizuri."

Jumapili baada ya kanisa walikuwa wakienda kula samaki kando ya Nile. Mara ya kwanza Proscovia aliomba kichwa cha samaki kwa aibu kidogo. Mara ya pili sahani ilipofika, Shem aliigeuza kimya kimya ili kichwa kielekee upande wake, akaendelea na maongezi yake kama hakufanya kitu. Alizungumza juu ya mzigo mkubwa unaokuja kutoka Nairobi, naye Proscovia alizungumza juu ya sare za muhula mpya. Walipendana bila haraka, na katika raha hiyo hakuna aliyemuuliza mwenzake kazi yake iko mtaa gani.

Kazi ya Proscovia ilikuwa mtaa wa Juba Na Bari, kwenye karakana ya jamii. Ulikuwa uwanja uliozungushiwa uzio, maseremala upande huu, wachomeleaji ule, mafundi viatu langoni, wote chini ya mabati yasiyo na kuta. Chumba cha kweli kilikuwa kimoja tu, chenye kuta, dari na mlango wa chuma, nacho kilikuwa cha washonaji. Hawakukipata kwa upendeleo. Zamani walishonea nje, na masika moja upepo ulileta mvua ya ubavuni, mashati meupe ya shule nzima yakaota ukungu, shule zikawakimbia. Ni chumba kile kilichozirudisha. Bila chumba hakuna sare, na bila sare wanawake wale hawakuwa na kazi nyingine.

Siku ile Proscovia alitoka asubuhi kwenda mtaa wa Lemon Gaba kuwapima watoto wa shule moja. Aliporudi alikuta cherehani ziko nje chini ya mabati, zimepangwa ovyo, na mafurushi ya kitambaa juu ya mbao za maseremala. Quinter, mshonaji kutoka Kisumu ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake, alikuwa amekaa juu ya furushi, mikono kifuani.

Quinter alimweleza. Lori lilikuja na kijana wa shirika, akasema chumba kimetengwa kwa ajili ya kompyuta za msaada. Mzee Lagu, seremala na mwenyekiti wa karakana, alikuwa amekwenda msibani, na hakupatikana mtu wa kusema hapana. Wanawake wakatolewa kama kuku.

Proscovia akaingia ndani. Kijana wa shirika alikuwa amempa mgongo, mikono ya shati imekunjwa, anateremsha boksi juu ya meza yake ya kukatia.

"Toa hicho kitu juu ya meza yangu."

Kijana akageuka. "Pros? Wewe unafanya nini hapa?"

"Mimi ninafanya kazi hapa. Wewe ndiye unafanya nini hapa?"

Shem alitazama meza, akatazama mlango, akaelewa. Alisema aliambiwa chumba hiki ni stoo.

"Stoo? Cherehani zilikuwa humu zinakutazama. Ulidhani ni panya?"

"Nilidhani zimewekwa tu. Pros, sikiliza. Vijana wa hapa watajifunza kazi ya maana. Shati linaweza kushonwa hata chini ya mabati."

Sentensi hiyo ndiyo iliyoharibu kila kitu.

"Na kompyuta haiwezi kukaa chini ya mabati?"

"Itaharibiwa na vumbi na maji."

"Na kitambaa cheupe je?"

Shem akaliangalia boksi lake.

"Kalas, yamekwisha," Proscovia alisema. "Na usiniite Pros."

Mzee Lagu aliporudi alikuta uwanja mzima unagombana. Aliwasikiliza wote, mmoja baada ya mwingine, kofia yake ya msibani bado mkononi, kisha akaamua kama mtu wa haki. Alisema karakana haijapokea kitu bado. Mkubwa wa shirika, Mzee Johnson, alikuwa anakuja wiki hiyo hiyo, na ndiye atakayeambiwa kama vifaa vitabaki au vitarudi. Mpaka hapo, chumba kitagawanywa nusu kwa nusu.

Basi wakakaa humo kama mahasimu waliofungiwa pamoja. Upande wa kushoto kompyuta kubwa za zamani zenye migongo mipana, walizozichoka watu wa ofisi moja Nairobi. Upande wa kulia zile cherehani zilizoweza kuenea, nyingine zikabaki nje. Shem alipowasha mitambo yake, jenereta ilinguruma mlangoni na moshi ukaingia. Kompyuta nyingine ziliwaka, nyingine zilivuma kidogo zikazima. Quinter akauliza kwa sauti kama na hizo zilitoka msibani. Shem akajibu kwamba zinahitaji kusafishwa tu, ila majivu ya pasi zao za makaa ndiyo yanayoziua.

"Majivu yetu yalikuwepo kabla yako," Proscovia alimwambia bila kuinua macho kwenye mshono. "Jenereta yako ndiyo ngeni. Watoto wa watu watavaa sare zinazonuka petroli."

Shem akafunga shuka katikati ya chumba kuzuia majivu. Kesho yake alikuta limeshushwa, limepindwa pindo nzuri pande zote, limetundikwa tena. Quinter alimwambia kwamba kama anawafungia, basi awafungie kwa kitu kilichomalizika kushonwa. Wanawake walicheka, na halikuwa cheko la kirafiki.

Simu kutoka kwa Shem ililia mara nyingi kwenye mkoba wa Proscovia. Aliipokea mara moja tu. "Kama ni habari ya chumba, zungumza na mwenyekiti," alisema. "Kama si ya chumba, mimi sina habari nyingine." Akaizima.

Lakini kuna mambo aliyaona, hata kwa hasira zile. Alasiri moja upepo wa mvua ulikuja ghafla wakati washonaji wako kwenye chakula. Waliporudi mbio walikuta cherehani za nje zimefunikwa turubai, pembe zote zimekandamizwa kwa mawe. Immaculate, Mganda mwenzake Proscovia, aliulizia kwa wachomeleaji ni nani aliyefunika. Wakamwonyesha shuka kwa kidole. Shem alikuwa ametoa turubai la maboksi yake. Proscovia alilikausha, akalikunja vizuri, akalirudisha upande wa pili.

Jambo la pili lilimsumbua zaidi. Immaculate alikuwa na binti, Namutebi, mwembamba, macho makubwa. Siku moja Proscovia alisikia nyuma ya shuka vitufe vikigongwa polepole, kisha kimya, kisha Namutebi akisema kwa mnong'ono, "Ni mimi huyu." Alikuwa ameandika jina lake. Shem akamwambia kwamba naye alianza hivyo hivyo, kwenye ukumbi wa kanisa huko Vihiga, kwa mashine zilizotupwa na watu wengine, na bila mashine zile leo angekuwa anachunga ng'ombe wa mjomba wake. Alimwambia taratibu, bila kujisifu. Proscovia aliacha cherehani yake ikasimama. Vyumba vingekuwa viwili, asingekuwa na ugomvi na kompyuta hata kidogo. Lakini chumba kilikuwa kimoja. Akaamua kwamba siku ya mkutano na Mzee Johnson atasimama na kusema hapana.

Mzee Johnson alifika kabla ya siku iliyotarajiwa. Gari liliingia asubuhi, Mzee Lagu bado anatafuta viti, na aliyekuwa karibu na lango ni Proscovia, anachota maji. Akamwona mzee mwenye mvi akishuka kwa shida, miguu imevimba kwa safari. Alimletea kigoda, akamketisha, kisha akapiga magoti mbele yake kama alivyolelewa, akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili. Akamuuliza habari ya safari, habari ya nyumbani, habari ya waliobaki, na kila swali mzee alilijibu kwa sauti ya chini iliyotulia. Kwao Iganga salamu haikimbizwi. Akampa maji ya kunywa, bado yuko magotini. Alipoinuka alikumbuka kwamba mgeni hajapata chai, akatoka kwenda kwa mama chai aliye ng'ambo ya barabara.

Shem alikuwa mlangoni pa chumba, kibodi mkononi. Aliyaona magoti, akaiona mikono, akauona mdomo wa Proscovia ukisema maneno laini. Kutoka pale hakuweza kuyasikia.

Watu walipokusanyika, Mzee Johnson aliuliza kama karakana imevipokea vifaa. Mzee Lagu akakohoa, akitafuta pa kuanzia. Shem akasimama kabla yake. Alisema kulikuwa na kutoelewana, lakini kumekwisha, na hata Proscovia, aliyepinga kuliko wote, amekuja mwenyewe kumpigia mzee magoti, kila mtu ameona. Alisema kwa furaha ya kweli, na hilo ndilo lililowafanya watu wamwamini. Wote walijua kwamba hao wawili walikuwa wapenzi, wakadhani wamepatana pembeni. Mzee Lagu akafunga mdomo. Mzee Johnson akashukuru, akasema washonaji watoke kabla ya Jumapili, na kwa kuwa barabara ya Nimule ilikuwa inamngoja, akaingia garini. Shem akapanda naye kumsindikiza mpaka daraja la Nile.

Proscovia alirudi na sinia la chai akakuta makofi yanaisha na vumbi la gari.

"Hongera, bibi arusi," Quinter alimwambia. "Umeuza chumba chetu kwa magoti."

Ilimchukua muda kuelewa. Alimgeukia Immaculate, maana yeye alikuwa mtu wa kwao na alizijua salamu za kwao. Immaculate akatazama chini. "Mimi nilidhani ni salamu tu," alisema. "Lakini mtu wako akasema, na mtu wako ndiye anayekujua."

Proscovia aliweka sinia chini polepole asimwage chai. Akatoa simu mkobani, na safari hii ni yeye aliyepiga.

"Pros, asante," Shem alianza kabla hajasalimiwa. "Ulichofanya leo, mimi sikutegemea kabisa."

"Nimefanya nini leo?"

"Ulimpigia Mzee magoti."

"Nilikuwa namsalimia."

Magari ya darajani yalisikika yakipita.

"Shem, kwetu mtoto wa kike hamsalimii mzee akiwa amesimama. Nimempigia magoti babu yangu, padre, mwalimu wangu. Hapa Juba mwenye nyumba alikuja kunifukuza, mzee mtu mzima, nikampigia magoti, nikamsalimia, halafu nikakataa kutoka. Magoti ni salamu. Umeyachukua ukayafanya sahihi yangu."

"Kwetu mtu mzima akipiga magoti mbele ya mtu, ameomba au amekubali."

"Ungeniuliza."

"Ulikuwa umezima simu."

"Mdomo sikuuzima. Nilikuwa nyuma ya shuka lako kila siku."

Shem hakujitetea tena. Akasema kwamba gari la Mzee Johnson litasimama njiani, Nesitu, kungoja lori lao jingine, na kwamba yeye anatafuta bodaboda sasa hivi amfuate, amwambie ukweli. Proscovia akamjibu kwamba hatasemewa mara ya pili na mtu yuleyule. Angoje hapo hapo darajani.

Malith, dereva wa pikapu ya karakana, alikuwa anakwenda Nesitu kuchukua mbao. Mzee Lagu, aliposikia mambo yalivyokuwa, alishika kichwa, akasema malesh, pole sana, akamruhusu Proscovia aende kuzungumza kwa niaba ya karakana. Darajani walimkuta Shem amesimama, shati limelowa jasho.

"Panda nyuma," Proscovia alimwambia kupitia dirishani.

"Mbele kuna nafasi."

"Mbele kuna mimi na begi langu."

Akapanda nyuma. Hawakwenda mbali mvua ikaanza, kwanza matone makubwa, kisha ndoo nzima. Proscovia alivumilia kidogo, akitazama mbele. Kisha akalihamisha begi miguuni, akamwambia Malith asimame. Shem akaingia, anachuruzika maji, akajibana mlangoni asimlowanishe.

"Nimewahi kubeba mbao zinazoongea kuliko nyinyi," Malith alisema, akaendesha.

Nesitu malori yalikuwa yamejipanga kando ya barabara, moshi wa nyama ya mbuzi ukielea chini kwa chini kwa sababu ya unyevu. Mzee Johnson alikuwa ndani ya hoteli ya mabati, bakuli la supu mbele yake. Proscovia alikwenda moja kwa moja mpaka mezani, akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo, akamuuliza habari ya tangu asubuhi, akangoja ajibu. Kisha akasimama wima.

"Mzee, nimekupigia magoti kwa sababu wewe ni mzee na umesafiri. Sasa nasimama ili nikuambie kuhusu chumba. Jibu letu ni hapana. Asubuhi hakuna aliyeniuliza. Kompyuta zako ni nzuri kwa mwenye mahali pa kuziweka, sisi hatuna. Zikikaa ndani, wanawake wote wale watakaa nje, na mvua ikipiga mara moja tu, tumekwisha."

Mzee aliweka kijiko chini. Hakupendezwa. Alisema yeye alizijua salamu za magoti tangu ujana wake, na asubuhi alizipokea kama salamu, ila kijana wake mwenyewe aliposimama na kusema kuna makubaliano, angemwaminije mtu mwingine? Akamgeukia Shem.

"Nilidanganya bila kujua, Mzee," Shem alisema. "Niliona nilichotaka kuona. Yeye hajakubali, wala hajawahi kukubali."

"Unajua kazi yako hapa ni kuweka mzigo huo mahali, na kwamba mzigo usipowekwa, wewe huna kazi?"

"Najua."

Proscovia alikuwa hajui. Alimtazama kwa ubavu wa jicho.

Mzee Johnson akasema neno lake la mwisho kwa ukali, lakini bila matusi. Hatagawa mzigo, mbili hapa, tatu pale. Ama karakana inapokea zote na chumba, ama zote zinarudi, na zikirudi, Juba Na Bari wasitegemee kitu tena kutoka kwake. Akavuta supu yake. Kisha, bila kuinua uso, akamwambia mwenye hoteli awape hao watu chai, wamelowa.

Mkutano wa karakana ulikuwa mgumu kuliko Nesitu. Immaculate alisimama mbele ya wote akatetea kompyuta, akisema binti yake hatashona nguo za watu maisha yake yote kwa sababu wakubwa wanagombania chumba. Alisema huku akimtazama Proscovia, machozi karibu. Proscovia alimjibu kwamba anamjua Namutebi na amemsikia akiandika jina lake, na kwamba kusema hapana kunamuuma. Akasema hapana hata hivyo. Maseremala wakawa upande wake, mafundi viatu pia, wachomeleaji wakagawanyika. Mzee Lagu akatangaza kwamba vifaa vinarudi. Hakuna aliyepiga makofi.

Lori lilipokuja, Shem alibeba maboksi pamoja na wapakiaji, moja baada ya jingine, kwa uangalifu uleule alioyaleta nao. Namutebi alisimama kando ya lango mpaka lori lilipopotea. Chumba kikawa cha washonaji tena, na muda mrefu Immaculate alishona akiwa amempa Proscovia mgongo. Quinter naye aliomba radhi kwa njia yake. Alimnolea Proscovia mkasi bila kuombwa, akasema ulikuwa unatia aibu kwa ubutu.

Shirika lilimwachisha Shem kazi, kama alivyoonywa. Watu walidhani atarudi Kenya. Hakurudi. Alipata kazi ya kuangalia mtandao kwenye hoteli moja ya mjini. Hakumpigia Proscovia simu kumwambia. Proscovia aliyasikia kwa Malith, akatembea nayo moyoni wiki nzima, akapima, akakata, akashona. Mwishowe akapiga.

"Ile kompyuta yako ndogo ya begi," alisema, "inakula petroli?"

"Inakula chaji tu. Ikijaa, inakaa saa kadhaa."

"Inaogopa majivu?"

"Mwenyewe haogopi. Na yenyewe itazoea."

"Jumamosi hatupigi pasi. Meza yangu ya kukatia ina mwisho ambao siutumii sana. Namutebi atakuwepo."

"Na wewe?"

"Mimi ni mwenye meza. Nitakwenda wapi?"

Alikuja Jumamosi hiyo na Jumamosi zilizofuata, shati jeupe, kompyuta kifuani kama mtoto mchanga. Alikaa pale mwishoni mwa meza na Namutebi, baadaye na wasichana wengine wa mtaa, wakipokezana, na wanawake walishona upande wao. Siku moja Immaculate alipogawa chai aliweka kikombe cha kwanza mbele ya Proscovia, sukari imeshakorogwa kama anavyopenda.

Quinter bado alikuwa na lake. Aliuliza kwa sauti ya chumba kizima kwamba mzigo wa Nairobi ulisharudi wote, sasa hiki kimoja kilichobaki ni cha nani, na lini karakana itaamua kama inakaa nacho au inakirudisha. Wanawake wakacheka, na safari hii cheko lilikuwa na joto. Hata Mzee Lagu, aliyekuwa anapima fremu ya dirisha, aliacha futi yake akasikiliza.

Shem alifunga kompyuta. Aliwatuma wasichana nje wakanywe maji. Akazunguka meza mpaka upande wa Proscovia, aliyekuwa amesimama na gauni la kitenge cha zambarau, chaki nyuma ya sikio, kitambaa cheupe kimetandazwa mbele yake.

"Proscovia," alisema, jina zima. "Nataka kukuoa. Nataka niende Iganga kwa wazee wako na niwaambie hivyo. Unakubali?"

Mkasi ulisimama. Proscovia aliinamisha kichwa, na tabasamu likaanza kwenye pembe ya mdomo, likaenea mpaka likamshinda kulificha.

"Amekubali huyo," Quinter alisema. "Si mnaona?"

"Ametabasamu," Shem alisema. "Jibu sijalisikia."

Akasimama pale pale, mikono kando, akangoja. Cherehani zote zilinyamaza. Proscovia alimaliza kukata mpaka mwisho wa mstari wa chaki, bila haraka hata kidogo. Akauweka mkasi chini na kumtazama usoni.

"Nakubali," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka langoni. "Sasa sogea, umenikingia mwanga."